Motokari ya Shefu wa Gare

Shefu hakupenda motokari. Alinieleza hivyo wiki ile ile aliyohamia jirani yetu pale Kasulo, mtaa wa Kolwezi, na aliendelea kunieleza miezi ya baadaye, akiwa amelala chini ya moja, miguu yake tu ikionekana.

"Motokari haina saa," alisema. "Inaondoka wakati mwenyewe anataka. Sasa ile ni kazi gani, Mama Zaina?"

Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa stesheni ya Dilolo, kule mpakani, ambako treni za shaba zilipita kwenda Angola hadi baharini. Sisi tunamwita mtu wa kazi hiyo shefu wa gare. Vita vya Angola vilipoanza, reli ikafungwa upande wa pili, treni zikawa chache, naye akapumzishwa kazi akaja kukaa Kolwezi. Jina lake nililijua, lakini sikulitumia hata siku moja na sitalitumia hapa. Mtaa mzima ulimwita Shefu, au Tata, yaani baba. Hata mume wangu, Baba Zaina, ambaye hakuwa mwepesi wa kumpa mtu heshima, alimwita Shefu.

Mimi nilikuwa nashona nguo. Sisi ni watu wa Kasongo kwa asili, Waislamu, na mume wangu alikuwa na kamyo, yaani lori, akileta mahindi kutoka Lubudi na bidhaa kutoka Zambia. Kati ya kwetu na kwa Shefu palikuwa na ukuta wa matofali uliofika kiunoni. Cherehani yangu ilikaa barazani, kwa hiyo kila alichofanya uwanjani kwake nilikiona, hata kama sikutaka. Siku hizi Kasulo watu wanachimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao, na nimeambiwa uwanja ule umekuwa shimo. Wakati ule ulikuwa udongo mwekundu tu, na Shefu aliufagia kila asubuhi, akianzia mlangoni na kumalizia njiani, kama bado abiria walikuwa wanakuja.

Mke wake alikuwa amefariki kabla sijamjua. Hadithi moja tu juu ya mama huyo niliisikia, na alinisimulia yeye mwenyewe. Siku moja mkewe alikuwa asafiri kwenda kumwona dada yake. Alichelewa kidogo. Shefu alimwona anakuja mbio kando ya reli, kikapu kichwani, anapunga mkono. Akatazama saa, akapiga filimbi, treni ikaondoka.

Nikamwuliza kama mkewe alimsamehe.

"Alipanda treni iliyofuata," alinijibu, akaona amelijibu swali.

Ndivyo alivyokuwa. Si kwamba hakuwa na huruma. Wakati binti yangu Zaina alipougua surua, ni yeye aliyekuwa akileta maji ya moto kila alfajiri na kuyaweka juu ya ukuta bila kubisha hodi. Ila aliamini kwamba kitu kikishapangwa hakibadiliki kwa sababu ya machozi ya mtu. Na hakujua kudanganya. Mara moja mtu wa chama alipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hakufika Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Sote tulisema tulikuwepo. Wanawake tulishika majembe ili tuonekane. Alipofika kwa Shefu, Shefu akasema, "Mi sikufika, Sitoyen," yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana. "Nilikuwa nalala." Wakamfagilisha soko zima peke yake. Alilifagia vizuri, hadi chini ya meza za wauza samaki.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, binti, jina lake Numbi. Aliolewa na karani wa forodha wa upande wa Angola, na walikaa ng'ambo ile ya mpaka, mahali ambapo zamani mtu alivuka asubuhi kununua sabuni akarudi mchana. Baada ya vita kuanza hakupata habari zao. Hakuzungumza juu ya Numbi. Ila nilimwona mara nyingi Jumapili, akitoka misa, anapita kwanza stesheni kuwauliza watu waliotoka Dilolo. Alirudi akiwa na kofia mkononi.

Habari ilikuja na mama mmoja muuza samaki wakavu, mtu aliyemjua Shefu tangu kule. Aliingia uwanjani kwake na mzigo bado kichwani. Mimi nilisimama ukutani, nikasikia yote.

"Shefu, Numbi nilimuona na macho yangu," alisema. "Iko kwa misheni, karibu na Dilolo. Bwana yake alimubeba mu mugongo, akamuvusha, akamuacha pale. Mguu yake ilipigwa risasi. Haiwezi kusimama."

"Iko namna gani, ile mguu?"

Yule mama akatua mzigo wake kwanza. "Inanuka, Tata."

Shefu akageuka kutazama kamyo ya mume wangu, upande wetu wa ukuta.

"Ukitafuta kamyo, hapana," mama aliendelea. "Kule juu ya magunia, na ile barabara, atakufa mu njia. Utafute tu kitu ya kumulalisha."

Siku ya pili Shefu alivaa suti yake ya abakosti akaenda kuomba ruhusa ya kupanda treni ya wanajeshi, maana ndiyo pekee iliyokuwa ikienda upande ule. Wakamwuliza mkwewe ni mtu wa wapi. Mwingine yeyote angesema hajui. Yeye akasema, wa Angola. Wakamwuliza kama mkwewe anapigana, na kwa upande gani. Akasema hana hakika. Walimfukuza na kumwambia akirudi tena watamfunga.

Jioni ile alikuja kwa mume wangu. Hakukaa, ingawa nilimpa kiti.

"Baba Zaina, nakuomba unipeleke Dilolo na kamyo. Tutaweka godoro."

Mume wangu alikuwa na kamyo mbili mwaka uliotangulia. Moja wanajeshi waliichukua kwenye kizuizi, wakasema wataitumia siku chache, na hatukuiona tena. Dereva wake alirudi bila viatu.

"Shefu," alisema, "tangu hapa mupaka Dilolo kuko vizuizi ngapi za basoda? Bakichukua hii nayo, mi na batoto tutakula nini? Kama ni Lubudi, kama ni Zambia, unijulishe tu. Kule, hapana. Unisamehe."

"Nimesikia," Shefu alisema, akaondoka. Nilimsema mume wangu usiku kucha kwa ukimya wangu, nikimpa mgongo. Lakini alikuwa amesema kweli, na mimi nilijua idadi ya vinywa vilivyokuwa ndani ya nyumba ile.

Motokari yenyewe ilikuwa imekaa nyuma ya bohari la mizigo tangu mfanyabiashara mmoja Mgiriki alipoacha duka lake na kurudi kwao. Ilikuwa ndefu, ya Kifaransa, ya aina ile yenye nafasi kubwa nyuma ambapo viti vinalazwa na mtu anaweza kunyoosha miguu. Kamyo ilikuwa imeigonga kwa mbele. Kapo, lile bati linalofunika mashine, lilikuwa limekunjwa. Mabati mawili yanayofunika matairi ya mbele hayakuwepo. Mlango mmoja uliibwa, taa pia, na pareshoki, yaani bampa. Walinzi wa bohari walimpa kwa baiskeli yake na redio yake. Vijana waliisukuma hadi kwake huku wanaimba nyimbo za msiba kwa utani, na Shefu akatembea mbele yao akiwaonyesha mashimo ya njia.

Mashine haikumsumbua sana. Fundi wa mume wangu aliifungua, akaisafisha, ikaunguruma. Shefu akafunga ule mwanya wa mlango kwa bati la paa na waya, akapanga godoro nyuma, akaondoka asubuhi moja bila kuaga mtu.

Alirudi kwa miguu baada ya siku chache. Mdomo ulikuwa umevimba na shati halikuwa na vifungo. Kizuizi cha kwanza tu, hapo karibu, hata harufu ya mji haijaisha. Walimweka ndani, wakachukua betri na tairi la akiba, wakamwambia aende kuivuta takataka yake. Nilimletea maji ya chumvi. Alisukutua, akatema, kisha akaniambia maneno ambayo niliyaona ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Mama Zaina, banaangalia motokari. Habakuniangalia mi. Basoda mudogo alisema: motokari ya namna hii mwenyewe ni nani, ni mwizi. Na nyuma yangu kulipita ingine, nyeusi, na rido za kitambaa mu madirisha. Basoda ile ile akasimama akapiga saluti. Habakuuliza hata kitu."

Aliirudia hiyo. Hawakuuliza hata kitu.

Kuanzia hapo hakutengeneza tena motokari ya kutembea. Alitengeneza motokari ya mkubwa.

Nataka nieleze mikono yake, kwa sababu nimeona mafundi wengi tangu wakati ule na sijaona mikono ya namna ile. Haikuwa ya fundi. Ilikuwa ya mtu wa ofisini, myembamba, na mwanzoni ilitoka damu kila siku. Alileta kipande cha reli, akakilaza juu ya magogo, na juu yake akanyoosha lile kapo lililokunjwa, nyundo ndogo ndogo, akilipasha moto kwa jiko la makaa kwa sababu hakuwa na shalumo, ule mwenge wa gesi wa mafundi. Alipiga, akapitisha kiganja, akafumba macho, akapiga tena. "Bati inakuambia pahali inaumwa," alisema. Na watu hakuwa na subira nao hata kidogo, mtoto akimwuliza swali mara ya pili alimfukuza. Lakini na bati alikaa siku nzima kama anayebembeleza.

Yale mabati ya mbele hayakuweza kunyooshwa kwa sababu hayakuwepo. Mume wangu, ambaye alikataa kwenda Dilolo, aliyaleta kutoka Zambia, pamoja na kapu la vikolokolo vingine, na hakutaka Shefu amshukuru. Ila hayakuwa yale ya kiwanda. Yalikuwa ya kuiga, yametengenezwa na watu wengine, bati jembamba, na matundu ya skrubu hayakukutana na matundu ya motokari. Ukilishika chini, juu linaachia. Ukilivuta mbele, mlango haufunguki. Shefu alitoboa upya, akakata pete za bati kutoka mikebe ya maziwa na kuziweka katikati, akafunga, akafungua, akafunga. Taa nazo zilitoka huko, na kule wanaendesha upande wa kushoto, basi zilimulika majani ya upande ambao si wetu. Alizipindua, akazishikilia kwa raba ya tairi. Mlango ulipatikana kwenye mabaki ya motokari nyingine ya mwaka mwingine, na kwa upana wa kidole ulikataa. Niliposikia amenyamaza uwanjani nilijua yuko kwenye ule mlango.

Miezi ilikuwa inapita. Hilo ndilo lilikuwa linatumaliza. Kila mtu aliyetoka upande wa Dilolo aliulizwa, na mmoja alisema yule mgonjwa yupo, mwingine alisema wagonjwa kule ni wengi, yupi? Mvua zilikuwa karibu, na mvua zikishaanza barabara ile haipitiki. Shefu alikonda. Alikula akiwa amesimama. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa ili apate kushika rozari yake bila kuichafua, na sala zake nilizisikia kutoka barazani, kwa Kiluba, haraka haraka, kama mtu anayesoma majina ya stesheni.

Siku aliyokuwa akipaka mastiki, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bati, nilivunjika. Alikuwa amepaka, akasugua kwa karatasi ya msasa na maji, akatazama, akaona bonde dogo ambalo mimi sikuliona hata aliponionyesha, akaanza kulibandua. Nikaacha cherehani, nikaenda ukutani.

"Tata Shefu," nilisema, "mutoto anaoza kule, na weye unasugua bati. Inatembea. Mashine inatembea. Enda!"

Alisimama na msasa mkononi. Maji mekundu yalikuwa yanatiririka hadi kwenye viatu vyake.

"Nilienda, Mama," alisema polepole. "Nilienda na mashine. Mashine haina ruhusa. Hii rangi ndiyo ruhusa yangu. Kama basoda moja tu ataona hii bonde, ataona mi ni nani."

Akainama tena. Nililia nikiwa nimesimama pale, naye hakuacha kusugua.

Rangi aliipiga kwa pampu ya dawa ya mbu. Rangi nyeusi. Vumbi la Kolwezi mnalijua. Linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Tulimwaga maji uwanja mzima, nikamkopesha mashuka yangu yote, tukayalowesha na kuyatundika kuzunguka motokari, na yeye akaingia katikati peke yake na kitambaa usoni. Mashuka yale hayakurudi kuwa meupe. Mimi ndiye niliyeshona vitambaa vya viti, na mapazia ya madirisha ya nyuma, ya kijani kizito, yenye mikunjo kama ya motokari za wakubwa. Nyuma ya mapazia hayo mtu aliyelala asingeonekana.

Halafu ikabaki yeye mwenyewe. Motokari ilikuwa imekuwa ya mkubwa, lakini Shefu alikuwa bado Shefu. Mume wangu alichukua kiti akaketi katikati ya uwanja, akajifanya askari.

"Sitoyen, unaenda wapi?"

"Samahani, naenda Dilolo kumuchukua mutoto yangu mugonjwa," Shefu alisema.

"Hapana, Shefu. Mukubwa haombe samahani. Mukubwa hajibu. Shusha kioo kidogo, mupaka hapa tu. Useme: kwani haujui hii motokari? Mukubwa yako ni nani?"

Shefu alijaribu. Mtu aliyewahi kumwacha mke wake kando ya reli bila kupepesa macho, alishindwa kumwambia jirani yake maneno hayo kwa mchezo.

"Tena," mume wangu alisema.

Walifanya hivyo mchana mzima. Watoto wetu walicheka mwanzoni, kisha wakaacha, wakaenda zao. Mwishoni Shefu alishusha kioo, akamtazama mume wangu kama anatazama inzi, akasema, "Unanichelewesha." Neno hilo lilitoka kwenye kifua chake cha kweli. Mume wangu aliinuka kwenye kiti bila kutaka.

"Ni ile," alisema. "Usiongeze kitu."

Shefu aliondoka baada ya misa ya asubuhi, amevaa miwani myeusi, abakosti niliyompigia pasi na beji ya chama kifuani, beji ambayo hakuwahi kuivaa. Mume wangu alifuata kwa mbali na kamyo hadi karibu na kizuizi cha kwanza. Aliporudi alikunywa chai yake yote kwanza.

"Bamepiga saluti," akasema.

Nilikaa chini, pale pale kwenye sementi.

Tulingoja. Mvua zikaanza. Siku zilizidi wiki, wiki zikazidi. Nikajifunza kutofautisha milio ya motokari zote za Kasulo. Kisha adhuhuri moja, wakati nafunua kitambaa cha sare za masomo za watoto wa jirani, nikamwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa stesheni, na kifurushi kidogo. Peke yake. Watu wa reli waliomjua walikuwa wamemficha kwenye behewa la mizigo la treni ya wanajeshi.

Nilitoka kumpokea. Nikamwuliza tu, "Numbi?"

"Amebaki," alisema.

"Na motokari?"

"Nayo imebaki."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mtaa mzima ukamalizia wenyewe: askari wameichukua, na binti amekufa. Watu walikuja kukaa kama kwenye msiba, naye hakuwakaribisha wala kuwafukuza. Baba Zaina alikwenda mara tatu au nne, akaketi naye bila kuongea. Mimi nilifikiri nitamwuliza siku atakapopata nguvu. Lakini vita vikaja kwetu wenyewe, hapo Kolwezi, tukakimbia na watoto na cherehani, na tuliporudi nyumba ya Shefu ilikuwa na watu wengine.

Nilimkuta tena miaka mingi baadaye, Lubudi. Mume wangu alikuwa anapakia mahindi, mimi nikatembea kutafuta maharage, na mzee mmoja alikuwa ameketi nje ya nyumba ndogo, kando ya shamba, anapukuchua maharage. Nilimjua kwa mikono. Yeye alinijua kwa sauti.

"Mama Zaina. Keti."

Aliuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja, hadi za fundi wa mume wangu. Nilipukuchua naye. Nilipoona hataligusa lile jambo, nikamwuliza wazi: wanajeshi ndio walioichukua motokari?

"Hapana," alisema. "Nilifika."

Akanisimulia huku anatazama maharage. Vizuizi vyote alipita. Alifika misheni mchana, na watu wakajificha walipoiona ile motokari, wakidhani ni mkubwa wa serikali. Numbi alikuwa nje, chini ya turubai, na wengine wengi. Masista walikuwa wamemkata mguu juu ya goti, na kidonda hakikuwa kinakauka. Alimtambua baba yake kabla hajavua miwani.

"Nilimwambia, mwanangu, twende. Nimeleta godoro. Akasema, Baba, siendi. Bwana yake alimwambia: ningoje hapa, usiondoke hapa, nitakuja kukuchukua. Alimubeba siku tatu mu mugongo, halafu akarudi kuchukua mama yake. Nikamwambia, ule mutu amekufa, Numbi. Akasema, basi uniletee mutu mwenye alimuona amekufa. Sikuwa naye."

"Ukafanya nini?"

"Nilimusemesha siku mbili. Nilipiga magoti, Mama. Akasema, we ulinifundisha kungoja mahali mutu ameambiwa kungoja."

Shefu alichukua ganda lingine, akalifungua.

Mvua ilikuwa inaingia chini ya turubai, alisema. Godoro zote zilikuwa maji. Motokari ilikuwa kavu, kila kiungo alikuwa amekiziba kwa lami kwa mikono yake. Basi aliiingiza hadi pale mahali pa Numbi, akalaza viti, akamweka ndani, akafunga mapazia. Akatoa matairi na kuiweka juu ya magogo. Na bado haikutosha, kwa sababu iling'aa. Ilikuwa nzuri mno. Askari wa kwanza atakayepita angetafuta matairi na kuondoka nayo, na kumtupa mgonjwa nje.

"Nikachukua nyundo," alisema.

Aliivunja taa moja baada ya nyingine. Alipiga yale mabati ya mbele hadi yakaning'inia. Alilipiga kapo palepale alipolinyoosha, alikwaruza rangi kwa msumari kutoka mbele hadi nyuma, pande zote, akaipaka matope. Ilimchukua siku nzima. Numbi alikuwa ndani, analala na kuamka kwa makelele, na mara moja alifungua pazia akamwambia, Baba, mlango usiupige, uache ufunge. Mlango hakuupiga. Ilipofika jioni ilikuwa takataka kuliko siku ile walinzi walipompa, na hakuna mtu angeitaka.

Nilimwuliza baadaye kidogo kama mkwewe alikuja.

"Hakukuja. Numbi alikufa mu ile mvua, mwezi yenye ilifuata. Sista moja alinitumia neno. Banasema mu motokari kunalala jamaa ingine sasa, na batoto."

Mume wangu alipiga honi kule barabarani. Niliinuka, nikakung'uta maganda kwenye pagne niliyojifunga kiunoni. Shefu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote tuliyokuwa majirani, na hakuuachia.

"Mama Zaina, kuko kitu moja. Ule siku nilimutoa chini ya turubai kumuweka mu motokari, nilimunyanyua peke yangu. Alikuwa mwepesi. Kama kitenge. Ningeweza kumuingiza, kufunga mulango, na kuwasha mashine. Alikuwa anaweza kulia mupaka Kolwezi, lakini angefika."

"Tata," nilisema.

"Mashine ilikuwa inatembea, Mama. Na mi nikamuuliza."

Honi ililia tena. Nilikaa chini, nikaliburuta gunia karibu, nikaendelea kupukuchua naye.